Kanyagio la Mtumbwi wa Baba

Lumemo, Ifakara. Jumapili, 19 Agosti 1956

Leo baada ya misa nimenunua daftari na penseli. Mama kaniuliza nitaandika nini na mimi si karani. Nikamwambia naandika safari. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Akasema kwenda Mchombe kwa mjomba wako nayo siku hizi ni safari ya kuandikwa?

Ni safari. Nina miaka kumi na tisa na sijawahi kupanda mlima hata mmoja. Kusoma nimejifunza mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia chumvi, kipande kwa kipande, na habari nyingi sijui mwisho wake mpaka leo kwa sababu mwisho ulikwenda na chumvi ya mtu mwingine. Suezi naijua iko wapi. Lakini ukiniuliza nyuma ya milima tunayoiona kila asubuhi kuna nini, sina jibu.

Sasa niseme naendea nini, maana hata mimi nikija kusoma uzeeni nitakuwa nimesahau. Masika iliyopita kiboko aliuvunja mtumbwi wetu, ule wa marehemu babu. Baba na mama walitoka salama kwa huruma ya Mungu. Shamba letu la mpunga liko ng'ambo ya mto mkubwa, upande wa kuelekea Lupiro, ndani kabisa kwenye matete, na mvua zikishika hakuna mguu unaofika huko. Kivuko cha serikali kinashusha watu barabarani tu. Basi mwaka huu hatukuweza kwenda kuamia ndege, mpunga ukaliwa na kwelea na nguruwe, tukavuna makapi. Na kwetu shamba likilala misimu miwili wazee wanampa mtu mwingine. Jirani yetu Valeriani ameanza kumsalimia baba kwa sauti tamu mno. Juzi nimemwona anapima mpaka wetu kwa macho.

Kwa hiyo mtumbwi lazima uwe majini kabla ya mvua. Mjomba Nikodemu, kaka yake mama, ndiye fundi. Anataka mikono ya kumsaidia, na mikono ni mimi.

Mimi nami nina langu. Viktor, dereva wa lori la mpunga, kaniahidi kunichukua niwe taniboi wake, msaidizi wa lorini. Anapita mara ya mwisho kabla barabara haijafungwa na matope, mwishoni mwa Novemba. Halafu Morogoro, halafu Dar es Salaam. Anasema huko watu wanazungumza mambo ya TANU mchana kweupe. Nimemwambia baba. Baba akasema, "Haya," akaendelea kusuka mgono wake wa kutegea samaki. Baba ndivyo alivyo. Ukimwambia nyumba inaungua atasema haya. Mtu amezaliwa hapa, safari yake ya mbali ni Mahenge, na huko nako alipelekwa kubatizwa.

Jumatano, 22 Agosti

Njiani. Vumbi. Miguu imeota malengelenge na mimi nafurahi kama mwendawazimu.

Mchombe. Ijumaa, 24 Agosti

Mjomba Nikodemu anaongea mwili mzima. Anasema mtumbwi wake wa kwanza bado unatembea wala haujaingiza tone, na kwamba viboko wakiona kazi yake wanapisha. Mkewe akasema mbona ule wa Mngeta ulizama. Mjomba akasema ule ulizamishwa na wivu.

Mtoto wake Kasmiri ni mkubwa kwangu kidogo. Mvivu, lakini kukaa naye ni raha. Ananiita Karani.

Msituni. Jumanne, 28 Agosti

Jumbe katoa ruhusa, tumepanda mpaka mguuni mwa mlima, tumejenga kibanda. Kazi yetu leo: kutafuta mvule. Mjomba anaugonga mti kwa kisigino cha shoka, anaweka sikio, anatingisha kichwa, anaondoka. Mitatu mizuri kabisa kaikataa. Kasmiri akasema, baba, tunatafuta mti au tunatafuta mke? Mjomba akamjibu kwamba mke mbaya unaweza kumrudisha kwao.

Jumapili, 2 Septemba

Mvule umeanguka jana mchana. Kabla ya kuukata mjomba alivua kofia, akamwaga unga mweupe kwenye shina, akazungumza nao kwa Kindamba polepole, kama mtu anayemwomba radhi mzazi. Hakutania hata kidogo. Sikuwahi kujua anaweza kuongea chini vile.

Ulivyoanguka ardhi iliruka. Halafu kimya. Mbega wote kimya, hondohondo kimya, na juu pale palipokuwa na kivuli likabaki tundu la mwanga, jeupe, kubwa, tukasimama chini yake tunaona aibu. Nilitaka kusema kitu lakini kilichokuja mdomoni kilikuwa cha gazetini, nikaanza kukata matawi.

Jumatano, 5 Septemba

Tezo. Kuchonga kutwa. Mikono imechubuka.

Alhamisi, 6 Septemba

Tezo.

Jumapili, 9 Septemba

Leo nimeuona ulimwengu. Naandika haraka kabla haujapoa.

Mjomba katupumzisha kwa kuwa ni siku ya Bwana, nikamshawishi Kasmiri tupande juu mpaka msitu uishe. Alilalamika njia nzima. Tulipita mapango ya mawe yenye ukungu, maji ya baridi yanayouma meno, miti yenye ndevu. Mpaka tukatokea kwenye jabali lenye majani mafupi, upepo ukatupiga kifuani, nikageuka.

Bonde lote. Lote! Nilidhani mto wetu ni mto mmoja unaokwenda zake moja kwa moja kama barabara. Kumbe ni nyuzi nyingi, unaachana, unapotea kwenye matete, unakutana tena, unajifunga fundo. Ng'ambo milima ya Mahenge ya bluu. Makundi ya sheshe, wale swala wekundu, kwenye mbuga yalikuwa kama mtu kamwaga ulezi. Nikatafuta Ifakara, nisiione. Nikatafuta tena. Kasmiri akacheka, akaniambia, "Karani, kwenu ni pale moshi unapolala." Nikaangalia pale. Kiasi cha kucha.

Nikanyoosha dole gumba nikafunika Ifakara yote, na misheni, na soko, na kivuko, na baba na mama. Nikacheka. Halafu nikaliondoa haraka, sijui kwa nini.

Ndipo nikageukia upande wa pili, ule niliokuwa nautaka tangu utoto. Nyuma ya milima kuna milima. Nyuma ya hiyo, mingine. Msitu mtupu mpaka macho yanachoka. Mzuri sana, siwezi kukataa, mzuri mpaka unaogopesha. Lakini sikuona moshi hata mmoja. Nilikaa nikiutafuta. Kasmiri alikuwa amelala usingizi, kofia usoni. Nikarudi upande wa bonde nikakaa nikiangalia ule moshi wetu mdogo mpaka jua likaniunguza shingo.

Jumatatu, 10 Septemba

Tezo. Mjomba ananiuliza mbona umepooza. Nimesema uchovu.

Ijumaa, 21 Septemba

Tumbo la mtumbwi limeanza kuonekana. Wingu moja tu, upande wa Mahenge. Limeondoka.

Jumapili, 30 Septemba

Mvua hakuna, lakini asubuhi kuna ukungu mzito na mjomba anautazama vibaya. Anasema mwaka huu inataka kuwahi.

Jioni alinitaka nimweleze maji yetu. Fundi lazima ajue mtumbwi unakwenda kuishi wapi, anasema, kama unavyouliza binti yako anaolewa kwa watu gani. Nikaanza kwa uvivu. Kwamba kutoka kwetu unashuka Lumemo, unaingia mto mkubwa, unaukata kwa mshazari kwa sababu katikati kuna mkondo. Halafu kuna mlango wa matete ambao mgeni hauoni, lazima ujue mti mkavu wenye kiota cha furukombe. Ndani maji yanageuka meusi na ya vuguvugu, kambale wanapumua kama watu, na yungiyungi zinafunguka jua likipanda kidogo, zote pamoja, ukizisikiliza utasema zinasikika. Halafu harufu. Mpunga ukiwa na maziwa una harufu, sijui niiseme vipi, kama wali unaopikwa mbali.

Nilipomaliza moto ulikuwa umezama na Kasmiri hakuwa ametania hata mara moja. Mjomba akasema mtumbwi huu basi tumbo liwe pana, na sakafu ya nyuma tuiache nene.

Nimekaa Mchombe na msituni wiki hizi, wali tunakula kila siku, na bado leo nalala na njaa ya wali wa kwetu.

Jumapili, 14 Oktoba

Watu wa kuvuta wamekuja kutoka kijijini, wanaume na wanawake, na pombe. Kesho tunaanza kuuteremsha kwenda mto Mngeta. Mama mmoja, mtani wao mjomba, kazunguka mtumbwi mara moja akasema, "Nikodemu, hili jeneza ni la nani?" Watu wakacheka. Mjomba akamwambia aingie ajipime.

Alhamisi, 18 Oktoba

Jambo baya limetokea.

Siku tatu tulivuta vizuri kwa magogo ya kuviringisha na nyimbo. Leo tulifika kwenye mteremko wa mwisho, mto tayari tunausikia. Mjomba alikuwa nyuma ameshika kamba ya kuzuia na watu wengine, mimi na Kasmiri mbele tunaondoa magogo na kuyapanga. Umande ulikuwa umelowesha majani. Nikasikia wimbo unakatika. Si mwisho wa wimbo, katikati ya neno. Nikageuka, mtumbwi unakuja peke yake kama mnyama.

Kasmiri alinivuta kwa shati. Ulipita ulipokuwa mguu wangu. Mjomba hakuachia kamba. Wengine wote waliachia, na ndiyo akili, yeye hakuachia, alikuwa ameizungusha kwenye kisiki kwa mkono, na kamba ikaubana mkono pale pale kwenye kisiki. Mtumbwi ukasimama. Mzima, hauna ufa. Ulisimama kwa mkono wa mjomba.

Vidole viwili vya kulia vimesagika. Hakupiga kelele. Alikuwa anauliza tu, "Umepasuka? Umepasuka?" na sisi tunadhani anasema mkono, kumbe anasema mtumbwi.

Mama yule mtani wake ndiye alimfunga kwa kanga yake. Hakutania tena. Alikuwa analia.

Ijumaa, 19 Oktoba

Mkono umevimba mpaka kiwiko. Mganga wa kijiji kaweka dawa, lakini yeye mwenyewe kasema apelekwe hospitali ya misheni Ifakara, na upesi. Kwa miguu hawezi. Lori hakuna mpaka wiki ijayo. Ni mto tu. Yaani mtumbwi wetu wenyewe.

Lakini mtumbwi haujaisha. Kanyagio bado.

Niliandike hili vizuri. Mpiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, anasimama nyuma. Fundi anapochonga anaacha sakafu ya nyuma nene, mwishoni kabisa anaichimba upande mmoja kidogo, kiasi cha wayo, mguu wa nyuma uingie ukae, na mbele yake anaacha nundu ya kukanyagia mguu wa mbele. Hilo ndilo kanyagio. Bila hilo ukisukuma kwa nguvu unateleza. Huwezi kuchimba pande zote mbili, sakafu itakuwa nyembamba pale pale uzito unapokaa. Na lazima lichimbwe mti ukiwa mbichi. Mjomba anasema mti mbichi unasikia maneno, ukikauka unabishana. Kila mtu na mguu wake, na mtumbwi wa mtu ukiuazima unaupiga pondo kama mlevi.

Mjomba hawezi kushika tezo. Akasema nitachonga mimi, yeye atanielekeza. Amelala kando, uso wa jivu, akaniuliza:

"Mjomba, shemeji anasimamia mguu upi?"

Sikujua.

Nilitafuta kichwani kama mtu anayetafuta sindano. Mtumbwi wa babu naukumbuka. Kisogo cha mama na kitambaa chake. Matete yanavyofunguka. Sauti ya pondo nyuma yangu, linaingia, linatoka, matone yanaanguka. Lakini baba mwenyewe simwoni. Miaka yote nimekaa mbele yake nikiangalia mbele, maana mtoto akigeukageuka mtumbwini anagombezwa. Kupiga pondo nilijifunza na wenzangu kule Lumemo, kwenye maji ya kiuno, kwa kucheza. Baba amenibeba tangu sijui kutembea na sijawahi kugeuza shingo.

Mjomba mwenyewe hajui, hajawahi kupanda na shemeji yake. Kasmiri naye hajui. Mkono unavimba.

Nikasimama. Nikachukua mti mrefu, nikafumba macho, nikasema moyoni nasimama kama baba. Kushoto mbele, kulia nyuma. Mwili ulikubali kabisa. Nikasema, "Hivi."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mjomba."

Nimechonga mpaka jua limekwenda. Mjomba ananiambia pole, pole, usiilime, ilambe. Nafikiri limetoka vizuri.

Mtoni. Jumatatu, 22 Oktoba

Maji machache, mchanga mwingi. Kasmiri mbele na kafi, mimi nyuma na pondo, mjomba katikati amelalia nguo. Viboko tumewaona, wamepisha. Mjomba kafumbua macho akasema mnaona. Kicheko chake kimekuwa chembamba.

Jumanne, 23 Oktoba

Mkono unanuka. Sijala. Nasukuma.

Mto ninaopita ndio ule niliouona kutoka juu ya jabali. Pale ulikuwa uzi. Hapa mchana kutwa unasukuma na bado uko kwenye kona ile ile. Mwanzo nilikasirika. Halafu nikaanza kuhesabu vitu ninavyovifahamu: wale ndege weupe, matete yanavyoinama, samaki kitoga anavyoruka. Kila kilichofanana na kwetu kilinipa nguvu. Dunia ndefu hii, na ninachokitafuta ndani yake sasa ni mdomo wa Lumemo.

Lumemo. Alhamisi, 25 Oktoba

Tumefika jana. Baba alikuwa mtoni. Hakuutazama mtumbwi. Aliutazama mkono, akaingia majini mpaka kifuani akambeba mjomba mgongoni kama mtoto, akapanda naye mpaka kwenye baiskeli ya Valeriani, wala hakuomba, akaichukua, akamsukuma mpaka misheni. Mimi nilibaki nimesimama na pondo. Sikujua kama baba anaweza kumbeba mtu kama mjomba.

Vidole viwili wamevikata. Mkono umepona, wanasema mkono umepona.

Jumapili, 28 Oktoba

Leo baada ya misa baba kaujaribu mtumbwi. Watu walikuja kuona, na Valeriani naye. Baba aliupapasa ndani nje, akanusa mti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapanda. Akasimama.

Niliona mguu wake wa kushoto unarudi nyuma, unatafuta. Unatafuta, haupati. Ulikuta nundu mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Baba alitazama chini. Akabadilisha miguu, akasukuma, na mtumbwi ukazunguka. Akasukuma tena, ukazunguka tena. Valeriani akasema kwa sauti, "Raimundi, huo mtumbwi au punda?" Wakacheka wengi.

Baba alirudi ukingoni, akashuka. Akaniuliza polepole, "Nani alisimama kupimwa?"

"Mimi."

Akaangalia miguu yangu mchangani. Akasema kazi ni nzuri, mtumbwi hauna kosa. Akaenda kumtazama mjomba misheni.

Mkono wa mtu umesagwa kwa ajili ya mtumbwi huu. Nami nimeuchonga kwa kipimo cha mguu wangu.

Jumatatu, 29 Oktoba

Nimemwuliza mjomba kama linaweza kurekebishwa. Kasema mbao iliyokwisha toka hairudi. Akacheka kidogo akasema usilie, mjomba, wewe angalau una vidole vya kufutia machozi.

Jumapili, 11 Novemba

Joto. Mawingu yanakaa, yanaondoka. Valeriani kamwuliza jumbe habari za mashamba ya ng'ambo. Kauliza tu, anasema.

Jumatano, 14 Novemba

Asubuhi mapema baba hayupo. Mama anasema kaenda kutazama migono.

Ijumaa, 16 Novemba

Hayupo tena. Nguo zake zimeanikwa zimelowa. Jana pia zilikuwa zimelowa.

Jumapili, 18 Novemba

Nimemfuata.

Kulikuwa kumepambazuka tu. Kule chini Lumemo inapopanuka, mahali tulipojifunzia pondo utotoni, baba alikuwa peke yake kwenye mtumbwi. Kushoto mbele, kulia nyuma. Mguu wangu. Anasukuma, mtumbwi unakwenda upande, anajishika. Anasukuma. Akaanguka, majini, mzima mzima, na pondo likaelea. Akaliogelea, akapanda, akakohoa, akasimama tena. Kushoto mbele. Mtu ambaye amevuka mto mkubwa maisha yake yote akiwa wima kama mkuki, na maji ya masika, na sisi ndani. Anajifunza upya kama mtoto wa miaka saba, saa ambayo watu hawajaamka, wasimwone.

Nilitaka kushuka nimwambie aache. Akaanguka tena.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anapepeta. Nikamwambia nimemwona baba. Hakunitazama. Akasema, "Anataka mtumbwi umkubali kabla lori halijaja. Anasema wewe usije ukabaki kwa ajili ya mguu wake."

Nimejifungia. Naandika haya na mwandiko wenyewe unaona ulivyo.

Na mimi nilikuwa nasema baba kwa kila kitu ni haya tu.

Jumanne, 20 Novemba

Nimeangalia barabara siku nzima. Sijui nataka lori lije au lisije.

Jumamosi, 24 Novemba

Viktor amekuja. Honi, watoto, vumbi, moyo wangu ulipanda kama zamani, sitadanganya hapa. Alikuwa na haraka, mawingu yamesimama meusi upande wa milima. Akasema panda, bwana, Morogoro kesho. Gazeti zima alikuwa nalo, halijafungiwa kitu, habari za Suezi mbele mpaka mwisho, akanipa.

Baba alikuja barabarani. Alikuwa amenibebea kifurushi, mama kafunga wali na samaki kwenye jani. Akampa Viktor mkono, akamwambia kwa heshima kabisa, "Mwanangu anajua kusoma." Hayo tu. Kwenye muundi wake kulikuwa na jeraha jipya, la nundu.

Nikamwuliza Viktor anapita tena lini. Akasema barabara ikikauka, mwezi wa sita, kama hajapata mtu mwingine. Nikamwambia basi anitafute mwezi wa sita. Akanitazama kama mjinga. Akasema taniboi hawakosekani, bwana, usije ukalia. Nikasema sawa.

Lori lilipoondoka nilitamani kulikimbilia. Niliandike hilo nalo, kwa sababu ni kweli.

Baba akakichukua tena kifurushi. Tulirudi nyumbani pamoja, tukala ule wali wa safari mezani kwetu.

Jumanne, 27 Novemba

Mvua. Usiku kucha na leo kutwa.

Jumapili, 2 Desemba

Leo tumevuka. Jana ilikuwa ngumu, mto umeinuka, lakini leo asubuhi baba aliutazama akasema unapitika. Mbegu tulizifunika kwa turubai la kuazima. Mama akakaa mbele. Baba akashika mtumbwi ukingoni nipande nyuma, kisha yeye akaingia, akabaki amesimama katikati kidogo kama mtu aliyeingia nyumba ya wengine, hajui akae wapi. Mama akamgongea mbao kwa kiganja. Akakaa.

Nikasukuma. Tuliukata mto kwa mshazari, mkondo ulitupiga ubavuni, mguu ukaingia kwenye kanyagio ukakaa. Tukaingia mlango wa matete. Ndani maji yalikuwa meusi, ya vuguvugu. Nilitazama mbele, na mbele yangu alikuwa baba.

Kisogo chake chote ni mvi. Sikujua. Usoni hana hata moja, nilidhani bado. Na shingo imekuwa nyembamba, ina mikunjo miwili, mvua inapita humo. Alikuwa ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili, anaangalia huku na huku, yungiyungi, ndege, kama mgeni. Baada ya muda akamwambia mama kwa sauti ndogo kwamba kumbe kukaa mbele kunapendeza hivi, mbona hukuniambia. Mama akasema ungeuliza.

Halafu baba akageuka. Mtu mzima, mtumbwini, akageuza mwili mzima, mtumbwi ukayumba, akanitazama miguu. Akatazama kwa muda mrefu, hatua kwa hatua, jinsi ninavyosukuma. Nikaona haya, nikaona kama nimevuliwa nguo. Lakini sikuacha kusukuma. Alipotosheka akageuka mbele, akamwonyesha mama shamba letu, ambalo mama aliliona kabla yake.

Valeriani alikuwa amefika upande wa mpaka, na jembe. Alitusalimia. Baba akamwitikia vizuri. Tukashusha mbegu.